Ndege ya Saa Tisa Kutoka Dubai

Asubuhi ile niliondoka Busia bila kujua naenda wapi. Sikuwa nimefukuzwa na mtu, wala sikuwa na shida yoyote. Niliamka tu kwenye chumba nilichokuwa nimepanga upande wa Uganda, nikaona nimeshayajua yote ya pale. Nilijua duka lipi hufungua kwanza, nilijua mwenye pikipiki yupi hupiga honi mara mbili kabla ya kukata kona, na nilijua lori lipi limelala foleni siku ya tatu likisubiri karatasi. Nikishafika hapo, miguu huanza kuniwasha. Nikafunga begi: mashati mawili, sweta, mswaki na daftari langu. Ufunguo nikamrudishia mama mwenye nyumba. Aliniuliza naelekea upande gani, nikamwambia bado sijaamua.

"Basi ukiamua unitumie salamu," akasema, akageuza maandazi yake kwenye mafuta.

Daftari lile nilieleze kidogo. Shule niliiacha darasa la sita. Sikufukuzwa na sikukosa uwezo. Nilitoka siku moja kwenda kutazama reli pale Tororo na tangu hapo sikurudi vizuri tena. Lakini kuuliza sikuacha. Ndani ya daftari huandika umbali: kutoka mahali fulani hadi mahali fulani ni kilomita ngapi, na mtu huchukua muda gani kwa miguu, kwa baiskeli, kwa lori, kwa ndege. Ndege sijawahi kupanda. Hilo halijanizuia kuziandika.

Habari za ndege nilizipata nikibeba mizigo. Kwa miaka miwili nilifanya kazi hiyo upande wa Kenya, pale mabasi ya Nairobi yanaposhusha watu. Waliotoka Uarabuni walishuka na masanduku yaliyozungushiwa plastiki, nami kila mmoja nilimuuliza swali moja: uliondoka saa ngapi, ukatua saa ngapi, kwenda na kurudi? Wengine walidhani mimi ni mtu wa serikali. Nikaandika kurasa nyingi, na kurasa zile zikaninyima usingizi. Aliyekwenda alikuwa ameondoka Nairobi saa kumi jioni na kutua Dubai saa nne usiku. Hiyo ni saa sita. Aliyerudi aliondoka Dubai saa nne asubuhi na kutua Nairobi saa nane mchana. Hiyo ni saa nne tu. Njia ile ile, ndege ile ile.

Nikawauliza wenzangu wabeba mizigo. Mmoja akasema kurudi ni mteremko. Msichana mmoja aliyekuwa akingoja sanduku lake akatusikia, akasema hapana, ni hamu ya nyumbani. Niliyaandika yote mawili.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja Mwislamu, muuza vitambaa, ambaye ukoo wao umekaa mjini pale tangu babu yake. Yeye mwenyewe huenda Dubai kuleta mzigo. Nilikuwa nimembebea robota la vitambaa hadi dukani, nikamuuliza kabla sijalitua chini. Angeweza kuniambia nitoke. Badala yake alivua saa ya mkononi akaiweka mezani.

"Hii saa yangu siigusi nikisafiri," akaniambia. "Nikiondoka naitazama, nikitua naitazama. Kwenda masaa matano, kurudi masaa matano. Wale wa huko wako mbele yetu kwa saa moja, basi. Jua linaanza kwao, halafu linakuja kwetu. Umeelewa?"

Nilikaa juu ya lile robota nikacheka peke yangu. Siku nzima nilikuwa na furaha ambayo sikuweza kumweleza mtu. Yule mzee siwezi kumlipa, hata nikibeba mizigo yake maisha yangu yote.

Kwa hiyo ninavyoandika haya, najua kwamba kutoka Dubai hadi Entebbe ni kama kilomita elfu tatu na mia saba hewani. Ni kama mtu atoke Busia aende Mombasa, arudi, aende tena na arudi tena. Lori likifanya hivyo linamaliza nusu mwezi. Ndege inakwenda saa tano na ushee.

Turudi kwenye ile asubuhi. Nilishika barabara ya vumbi kwa miguu, mwamba wa Tororo ukiwa mbali kulia kwangu. Mwanamume mmoja mwenye baiskeli iliyojaa muhogo alinikuta kwenye kilima, nikamsaidia kusukuma. Tulipofika juu akasema nikae nyuma, juu ya gunia.

"Unaenda wapi?" nikamuuliza.

"Mulanda."

"Mulanda kuna nini?"

"Kuna kwangu," akajibu.

Huo ukawa mpango wangu. Tulikwenda hivyo, tukipanda mteremkoni na kusukuma mlimani, tukipita karanga na wimbi na watu walioinama shambani wasiojali nani anapita. Saa nne asubuhi akanishusha penye maduka ya Mulanda, akanipa mizizi miwili ya muhogo kwa ajili ya kusukuma, akaenda zake.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni mwanamke aliyeketi kwenye benchi mbele ya duka la kuchajia simu. Alivaa gauni la gomesi lililopigwa pasi vizuri, la kutokea. Mapajani alikuwa amepakata saa ya ukutani, ile kubwa ya duara, na alikuwa akiitazama kama mtu anayetazama sufuria ya maziwa isije ikafurika. Kando yake alisimama mwanamume wa makamo aliyeegemea baiskeli.

Mimi mtu akipakata saa ya ukutani siwezi kumpita.

"Habari ya hapa, mama."

"Nzuri, mwanangu. Karibu."

"Hiyo saa imeharibika?"

"Iko mzima. Simu iko ndani inachaji, nimebeba hii nisipoteze saa."

"Ameiba saa ya ukuta," akasema yule mwanamume. "Nyumba imebaki haijui kama ni asubuhi."

Mama hakucheka, lakini alisogea kidogo, nikakaa. Nikavunja muhogo mmoja nikawapa, tukala mbichi, na maneno yakaja yenyewe. Yule mwanamume alikuwa shemeji yake, mdogo wa mume wake. Binti wa mama anarudi leo kutoka Dubai, baada ya miaka miwili ya kazi za ndani. Nikamwambia hongera.

"Baba yake alikufa," mama akasema. "Iko miezi mitatu. Yeye hajui."

Shemeji ndiye aliyemalizia. Marehemu mwenyewe alikataza asiambiwe. Mkataba ulikuwa bado, pasipoti iko kwa tajiri wake, na marehemu alimjua mtoto wake: akisikia baba anaumwa au amekufa atatoroka usiku, na akitoroka atafungwa. Basi wakanyamaza. Jirani wote wakanyamaza. Miezi mitatu binti akipiga simu, mama anamwambia baba yako yuko shambani, baba yako amelala, baba yako anakusalimu.

"Mimi nimechoka kusema uongo," mama akasema. "Nataka nimwambie na mdomo yangu, nikiwa nimemshika. Hiyo tu. Asiambiwe na mtu mwingine mbele yangu."

Nikauliza nani mwingine angemwambia kule Entebbe. Hapo nikaelewa kwa nini alivaa vizuri hivyo na bado anaitazama saa vile. Kwenye ndege ile ile kulikuwa na msichana mwingine wa Mulanda, na ndugu zake wanaoishi Kampala watakwenda kumpokea. Wote walikuja kwenye mazishi.

"Watamwambia kwa ubaya?"

"Hapana," akasema. "Watamsalimu tu."

Mtu asiyejua sehemu zetu hataliona hilo. Hapa mtu aliyefiwa, ukikutana naye mara ya kwanza tangu msiba, huwezi kumwambia habari yako ukapita. Unamshika mkono, hauachii, unasema pole kwa mzee, pole sana. Usipofanya hivyo una roho mbaya, na itakumbukwa. Kwa hiyo hatari ya binti yule ilikuwa adabu ya watu wema.

"Si muwapigie muwaombe wanyamaze?"

"Tumepigia mmoja, amekubali," shemeji akasema. "Lakini wanakuja gari nzima. Na katika hiyo gari iko shangazi mmoja, huyo hata ukimfunga mdomo atakulilia na macho."

Sikuwaambia wakati ule, lakini nilijua wanazungumza nini. Habari ya kifo cha mama yangu niliipata Malaba, kwa mwanamke aliyekuwa akiuza mboga. Alinishika mkono akaniambia pole. Nikamuuliza pole ya nini. Nilimwona uso ukimbadilika, akatamani ayarudishe maneno mdomoni, na nadhani siku ile yeye aliumia kuliko mimi. Aliacha mboga zake chini, akanisindikiza hadi nikapata gari la kwenda nyumbani. Namshukuru hadi leo. Lakini sauti iliyoniletea habari ile ingekuwa ya dada yangu, ningeibeba kwa namna nyingine.

"Mtaondoka saa ngapi?" nikauliza.

Shemeji akanieleza, kwa raha ya mtu aliyepiga hesabu na kuikagua. Binti alituma sauti kwenye simu jana: ndege inaondoka saa tisa alasiri, na iko masaa matano hewani, baada ya hapo laini yake ya kule inaisha, wasimtafute tena. Saa tisa ukiongeza matano ni saa mbili usiku. Kutoka hapa hadi Entebbe ni mwendo wa saa tano, sita ukikuta foleni ya Jinja na Kampala, na leo ni Ijumaa. Gari wamekodi kwa mtu wa Tororo. Yeye ni Mwislamu, ataswali kwanza, awachukue saa nane. Saa mbili watakuwa pale mlangoni.

Sikutaka kuingilia. Nilikuwa mgeni, nimekula nao muhogo mara moja tu, na mtu mwenyewe amemaliza kupanga safari yake. Lakini zile kurasa zilianza kusogea kichwani kwangu.

"Hiyo saa tisa ni saa tisa ya huko au ya hapa?" nikauliza.

"Saa tisa ni saa tisa," shemeji akajibu.

"Huko wako mbele kwa saa moja. Saa tisa yao ni saa nane yetu. Ndege itatua saa moja jioni, sio saa mbili."

Akanitazama kuanzia viatu hadi kichwani, taratibu.

"Wewe unatoka wapi?"

"Busia."

"Mtu wa Busia kabisa, na unaniambia hivyo? Mimi navuka ule mpaka tangu sijaota ndevu. Ukivuka, pesa inabadilika. Laini inabadilika. Hata polisi inabadilisha kofia. Saa haibadiliki. Saa saba ya Kenya ni saa saba ya Uganda. Ni kitu moja tu Mungu alituachia."

Na alisema kweli. Sisi wa mpakani nchi ya ng'ambo tunaiona kila siku, tunaingia na kutoka bila kuwaza, na katika vyote vinavyogeuka ukivuka ile barabara, saa ndiyo haigeuki. Nani wa kutuambia kwamba mbele zaidi nayo inageuka? Mtu wa mbali na mpaka labda angeuliza. Sisi tunadhani tumeshajua nchi za nje zikoje.

Nikatoa daftari. Nikawaonyesha wale wa kwenda na wale wa kurudi, saa sita na saa nne, mstari kwa mstari. Shemeji akasoma kwa kidole.

"Hawa watu uliuliza walikuwa wametoka kulala kwenye ndege," akasema. "Mtu ametoka usingizini atajua saa? Mimi nikilala hapa kwenye benchi naweza kukwambia nimefika Mbale."

Nikamweleza mzee wa vitambaa na saa yake ya mkononi. Akasema huyo ni mfanyabiashara, ana lake. Sikuwa na kitu kingine. Watu wawili watatu walikuwa wamesogea kusikiliza, mmoja akasema wacheni kusikiliza watembeaji, mwingine akasema yeye alishasikia kitu kama hicho kwenye redio lakini ilikuwa habari ya China.

Mama alikuwa bado anaitazama saa yake. Ghafla akamuuliza shemeji, "Mtoto akinipigia jioni, ananiambiaga nini?"

"Anakusalimu."

"Ananiambia, mama, huku giza imeingia. Nami naangalia nje, kuku yangu hata moja haijaingia kibandani. Jua iko pale juu ya migomba. Nikafikiri ni zile magorofa zinaziba jua. Kila mara nafikiri hivyo." Akainua ile saa ya ukutani, akaigeuza kidogo kuelekea mwanga. "Haikuwa magorofa."



"Sikiliza, baba," akamwambia shemeji, kwa upole, kama mtu aliyeshaamua. "Nikimfuata huyu na iwe amekosea, nitakaa Entebbe kwenye benchi saa moja bure. Makalio yangu hayatakufa. Nikikufuata wewe na iwe umekosea, nitamkuta mtoto wangu anashikwa mkono."

Shemeji akakuna kidevu. Halafu akaingia dukani, akachomoa simu ya mama kabla haijajaa, akampigia dereva, akaiweka wote tusikie.

"Njoo sasa hivi," akasema.

"Sasa hivi? Mzee, leo Ijumaa."

"Tunajua ni Ijumaa."

"Nami nitaswali wapi?"

"Bugiri hakuna msikiti?"

"Bugiri iko misikiti mingi kuliko ya kwenu. Sio hiyo shida. Mlisema saa nane."

Mama akainama kwenye simu. "Mwanangu, ni mimi. Saa imekuwa mbele ya sisi. Nisaidie."

Tukasikia injini ikiwashwa. "Haya, mama. Nakuja. Nitaswali njiani, msinihesabie dakika."

Alifika saa sita kasoro, kofia nyeupe tayari kichwani. Mama aliingia nyuma na kikapu cha chakula, saa ya ukutani akampa shemeji airudishe nyumbani. Aliniangalia kupitia dirishani kana kwamba anataka kuniambia jambo, kisha akasema tu, "Huyu mgeni asiende na njaa," na gari likaondoka.

Shemeji hakwenda, kwa sababu ya kaburi. Kwao, mtoto ambaye hakuwepo kwenye mazishi haingii nyumba yoyote ya boma kabla hajapita kaburini. Watalala Kampala, kesho watarudi, na njia ya kwanza binti atakayopita ni hiyo. Na miezi mitatu ya mvua ilikuwa imeotesha majani. Nilikuwa nimekusudia nifike Tororo mjini jioni ile, nitafute kitanda cha kukodi. Badala yake nilimfuata hadi nyumbani. Baada ya wali na mboga ya kunde alinipa panga, akachukua jembe, tukaanza.

Kaburi lilikuwa karibu na mibuni michache ambayo marehemu aliipanda mwenyewe. Tulifyeka njia kutoka barabarani, tukang'oa majani, tukasawazisha udongo uliokuwa umetitia upande wa miguu. Shemeji alifanya kazi bila haraka. Kuna wakati alisimama akaniangalia.

"Ukiwa umekosea," akasema, "hapa pembeni kuna nafasi."

"Naiona."

Saa nane nikatazama simu yangu nikamwambia, "Sasa ndiyo inaondoka."

Akanyoosha mgongo, akatazama juu.

"Hutaiona. Iko Dubai."

"Najua sitaiona. Acha niangalie."

Tukaendelea. Alasiri ile nilikuwa na hofu ambayo sijazoea. Mimi nikikosea kitu kwa kawaida naondoka, na kosa linabaki nyuma yangu na watu ambao sitawaona tena. Hapa nilikuwa nimeng'oa majani kwenye kaburi la watu. Niliwaza, je, kama ndege imechelewa? Je, kama wamekwama Jinja? Je, kama yule mzee wa vitambaa alikuwa akinifurahisha tu? Shemeji naye nilimwona kila mara akitazama jua lilipofika, akisogeza midomo. Saa kumi na moja akaniuliza itakuwa juu ya nchi gani. Nikamwambia nakisia Ethiopia. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayejua Ethiopia iko wapi, nami sikujua zaidi yake.

Saa kumi na mbili na nusu mama alipiga kwenye simu ya shemeji. Wamefika, amekaa, benchi ni la chuma na ni baridi. Hao wengine bado. Akakata.

Tukaacha kazi. Tulioga, mmoja baada ya mwingine, tukakaa nje kwenye viti, simu juu ya kinu kilichopinduliwa katikati yetu. Jua likazama. Kuku wakaingia. Saa moja ikapita, na robo, na nusu. Shemeji akaichukua simu, akaipangusa kwa shati, akairudisha.

Ilipolia aliishika kwa mikono miwili.

"Niko naye," mama akasema.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia mimi."

Shemeji akafumba macho. Mama akaendelea, sauti yake imechoka. Ndege ilitua saa moja, wakiwa wamekaa pale mtu akatangaza. Binti akatoka na sanduku, akamwona, akacheka, akaangalia nyuma ya mama yake kutafuta baba. Mama akamshika pale pale, akamwambia. Wakakaa chini, sakafuni, watu wakawazunguka kwa pembeni bila kuwauliza. Wale wa gari lingine wakaja wakati wako bado sakafuni.

"Na shangazi?" shemeji akauliza.

"Analia. Sasa wacha alie."

Kisha sauti nyingine, ya msichana, nzito kwa machozi. "Baba mdogo."

"Mwanangu."

"Mmemweka wapi?"

"Kwenye kahawa yake. Njia tumesafisha leo. Utapita bila kunyanyua nguo."

"Sawa, baba mdogo."

Simu ikabaki wazi, tukisikia magari ya Entebbe. Halafu mama akarudi. "Yule mgeni ameenda?"

"Yuko hapa."

"Mwambie asiondoke kabla sijafika. Mtoto anataka kumwona."

Nimeishi kwa kuondoka kabla watu hawajaamka. Naona ni rahisi kwa wote. Lakini sikupata neno la kukataa, na ukweli ni kwamba sikulitafuta. Mtu niliyemkuta asubuhi akipakata saa alikuwa amenipa kazi, chakula, na sasa sababu ya kungoja, na mimi nilichompa ni kitu ambacho mzee mmoja wa vitambaa alinipa bure nikiwa na mzigo mgongoni.

Shemeji alinipeleka kwenye nyumba ndogo ya nyuma wanayowekea mavuno. Akasukuma magunia ukutani kwa goti, akatandika mkeka, akaleta godoro jembamba na blanketi lenye harufu ya sabuni.

"Utalala na karanga," akasema. "Usizimalize."

Akasimama mlangoni kidogo.

"Kule Dubai sasa ni saa ngapi?"

"Hapa ni saa tatu kasoro. Kule ni saa nne kasoro."

Akalifikiria hilo. "Basi watu wa kule wanalala, na sisi bado." Akaniambia usiku mwema, akaenda.

Nilivua viatu, nikalala chali kati ya magunia. Paa lilikuwa la mabati, safi, halina hata tundu moja. Nilikuwa sijajinyoosha vizuri niliposikia ufagio nje, upande wa mibuni. Pale kaburini tulikuwa tumeshapasafisha mchana. Nikasikiliza kidogo, shemeji anafagia, anasimama, anafagia tena, gizani. Nikavaa viatu, nikatoka kwenda kumshikia taa.